Barua ya Chuo Haiji na Karo

Hotuba kwa wazazi na wanafunzi waliomaliza KCSE



Yuko mwanafunzi anayepita hisabati vizuri, akateuliwa na KUCCPS kusomea sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu cha umma, kisha akabaki nyumbani. Familia ilidhani barua ya chuo imekuja na pesa. KUCCPS hutoa nafasi tu. Pesa huombwa kando.

Chini ya mfumo ulioanza 2023, mwanafunzi huomba vitu viwili: ufadhili wa serikali, ambao haurudishwi, na mkopo wa HELB, ambao hulipwa baada ya masomo. Asiyeomba hapewi, hata kama kijiji kizima kinajua shida zake.

Kiwango hutegemea hali ya familia. Katika makundi matano yaliyotangazwa, familia zenye uhitaji mkubwa zaidi zilipangiwa ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, nao wazazi wachange 5. Tuseme karo ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Ufadhili ni 140,000, mkopo 50,000, na familia inatafuta 10,000. Mzazi anayeuza mboga sokoni anaweza kuipanga hesabu hiyo.

Ndiyo maana majibu kwenye fomu ni muhimu. Kuna kijana anayeona haya kuandika kwamba mzazi ni kibarua, au kwamba ni yatima, akajaza kipato kisichokuwepo. Mwishowe familia hupangiwa mzigo isioweza kuubeba. Fomu isiachiwe mhudumu wa saiba peke yake. Mzazi aketi na mtoto, wasome kila swali, wajibu ukweli. Waandae mapema vitambulisho, nambari za mitihani, na cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki. Anayeona amewekwa kundi lisilomfaa ana nafasi ya kukata rufaa.

Wanaosomea kompyuta wana gharama nyingine: mashine yenyewe. Simu haitoshi kuandikia programu. Mkopo wa HELB una sehemu ya karo, inayoenda chuoni, na sehemu ya kujikimu, inayomfikia mwanafunzi. Ni busara kutumia maabara ya chuo muhula wa kwanza, huku akiweka akiba ya kununua kompyuta iliyotumika, kuliko kumaliza pesa zote kwa siku moja.

Basari za CDF na za kaunti ni nyongeza, na hazitoshi kulipa karo yote. Mwanafunzi aziombe pia, kila tangazo linapotoka. Anayedai hongo ili jina lipitishwe aripotiwe.

Kwa wanaokaribia kumaliza shahada ya hisabati, mlango haufungwi hapo. Taasisi ya AIMS, iliyoanzishwa 2003 Cape Town, ina vituo katika nchi kadhaa za Afrika, kikiwemo cha Kigali. Wanaochaguliwa kwa shahada ya uzamili hupewa ufadhili wa masomo, malazi na chakula. Hapo kinachopimwa kwanza ni uwezo wa mwanafunzi katika hisabati, wala si mfuko wa mzazi.

Basi mwenye mtoto aliyeteuliwa amwulize jioni ya leo swali moja: ameomba ufadhili na mkopo, au ana barua peke yake? Kama ni barua peke yake, waanze kesho asubuhi kabla muda wa maombi haujafungwa.