Mvutano Unaojificha: Hesabu Kamili katika Uigaji wa Ulimwengu

Mwaka 1998 makundi mawili ya wanaastronomia waliopima mwanga wa supanova za mbali yalibaini kuwa ulimwengu unapanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Wengi huieleza hali hiyo kwa nishati ya giza. Wengine hushuku kwamba kanuni za mvutano za Einstein zinahitaji kurekebishwa katika umbali mkubwa, lakini wanakabiliwa na kizuizi kilicho jirani yetu: vipimo vya mawimbi ya redio ya chombo cha Cassini, vilivyochapishwa mwaka 2003, viliafikiana na Einstein kwa usahihi wa sehemu chache katika laki moja. Nadharia inayoongeza nguvu ya mvutano sharti ieleze nguvu hiyo inazimikaje karibu na Jua.

Jibu mojawapo ni utaratibu wa kinyonga, uliopendekezwa na Justin Khoury na Amanda Weltman mwaka 2004. Uga mpya hubadilika kulingana na mazingira: penye maada nyingi nguvu yake huishia umbali mfupi mno, penye maada haba hufika mbali. Katika nadharia za f(R), ambazo ni aina mojawapo ya mvutano uliorekebishwa, nguvu hiyo ya ziada inaweza kufikia theluthi moja ya mvutano wa kawaida, ilhali ndani ya galaksi kubwa inaweza kufifia kabisa. Ndiyo maana nashikilia kwamba uigaji wa ulimwengu kwa kompyuta unaorahisisha mlinganyo wa uga huo, kana kwamba mazingira ni mamoja kila mahali, unafuta jambo lenyewe tunalolichunguza. Watafiti Oyaizu, Lima na Hu walilithibitisha hilo mwaka 2008: hesabu iliyorahisishwa ilikuza mno tofauti ya mrundikano wa maada katika umbali mdogo.

Watasema hesabu kamili ni ghali. Ni kweli, kwa kuwa mlinganyo hutatuliwa upya kila hatua ya wakati, kwa kurudiarudia kwenye kila kijisehemu cha gridi. Njia za mkato zinafaa, lakini baada tu ya kupimwa dhidi ya hesabu hiyo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba nadharia inayojificha haipimiki. Silikubali. Nguvu hiyo husukuma galaksi lakini karibu haigusi njia ya mwanga; hivyo, mahali ambapo haijafichwa na mazingira, uzito unaokadiriwa kwa mwendo wa galaksi unapaswa kuzidi ule unaokadiriwa kwa kupinda kwa mwanga. Nyutrino zenye uzito hupunguza mrundikano na zinaweza kuficha dalili nyingine za mvutano mpya, ila dalili hii ya tofauti ya uzito haziigi kirahisi. Uigaji ndio unaotuonyesha mahali pa kuitafuta: galaksi ndogo zilizo pweke na maeneo matupu ya ulimwengu.

Darubini ya Euclid ilirushwa Julai 2023, na data zake zitatumika kuzihukumu nadharia hizi. Naomba wenzangu tusitoe hukumu hiyo kwa uigaji ambao haukutatua mlinganyo wa uga kikamilifu, wala haukupimwa dhidi ya ule uliofanya hivyo.