UMEME UKIKATIKA, TREKTA LIFANYE KAZI
(Mazungumzo ya kikundi cha trekta mbele ya wanakisomo)



Tumeombwa tueleze jinsi tulivyopata umeme kwa trekta. Tutasema yote, na aibu yetu tutaisema.

Mnakumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2023. Taa zikizimika, friji ya chanjo pale zahanati nayo huzimika. Chanjo hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Joto likizidi zinaharibika, na kwa macho huwezi kujua. Mganga akatuuliza: hilo trekta lenu mbona linalala usiku?

Basi tukanunua dinamo kuukuu ya kilowati 5. Kila kilowati 1 yataka kama nguvu 2 za farasi. Kwa hiyo dinamo yetu yataka 10 tu, na trekta letu linazo 45. Nguvu zipo tele. Kazi ni mwendo.

Ile shafti ya nyuma, tunayofungia mashine ya kupukuchua mahindi, huzunguka mara 540 kwa dakika. Dinamo yataka mara 1,500. Tukafanyaje? Tulifunga puli kubwa upande wa trekta na puli ndogo kwenye dinamo, tukaziunga kwa mikanda 2. Kubwa ina upana wa sentimeta 42, ndogo 15. Chukueni kalamu, maana hesabu tulijifunza humu humu darasani: 540 mara 42, gawanya kwa 15. Mmepata 1,512? Hapo panatosha. Mwendo ukipungua taa hufifia, ukizidi vyombo vinaungua. Ndiyo maana mtu mmoja hukaa karibu na mita ya volti. Ikisoma 230, asiguse tena mkono wa mafuta.

Sasa aibu yetu. Usiku wa kwanza tulitumia waya wenye plagi pande zote mbili, tukauchomeka kwenye soketi ya ukutani. Trekta likanguruma kwa shida, taa zikawa nyekundu kama kaa. Mara jirani anapiga vigelegele: umeme umerudi! Kumbe umeme wetu umetoka nje kwa nyaya za mtaani, unataka kuwasha kijiji kizima. Tukazima haraka.

Haikupita muda wakaja mafundi wa laini, wamefuata mlio wa trekta. Walikuwa chini ya nguzo ng'ambo ya mto. Walipima waya kabla ya kupanda, wakakuta una umeme. Mmoja alikuwa anatetemeka kwa hasira. Akatueleza: transfoma hushusha umeme wa laini kubwa, lakini ukiuingiza kutoka chini, huupandisha. Laini kubwa hizi ni za volti 11,000 au 33,000. Asingepima, tungemuua mtu ambaye hatujapata hata kumwona.

Ule waya tuliukata kwa panga. Fundi mwenye leseni akatufungia swichi ya chenji-ova. Mkono wake ukiwa juu, zahanati hupata umeme wa laini. Ukiwa chini, hupata wa dinamo. Vyote viwili kwa pamoja haiwezekani.

Akina mama, na ninyi wazee wa mashuka, sikilizeni. Shafti ikizunguka, usiikaribie na khanga wala nguo inayoning'inia. Hushika kitambaa na kumvuta mtu kabla hajapiga kelele. Tumeifunika kwa bati, tukazungushia kamba hatua 3 kutoka pale. Watoto lazima mtusaidie kuwazuia, maana mlio ule wanaupenda.

Na dizeli? Trekta hunywa hata kwa taa moja. Kwa hiyo hatuliwashi kwa ajili ya redio za watu, msituudhikie. Ni friji, na mama akishikwa na uchungu usiku.

Anayetaka kuona puli na mikanda atufuate nje. Trekta lipo chini ya mwembe, limezimwa.