Kulipwa kwa Kupumzisha Shamba: Tusome Mkataba Kwanza

Ndugu wanakisomo,

Leo tuzungumze habari ya mkulima anayelipwa na Serikali ili asilime. Wengine mnacheka. "Alipwe kwa kukaa bure?" Haya, tusikilizane kidogo.

Huko Marekani, katika jimbo la Colorado, iko wilaya ya wakulima iitwayo Baca. Ni nchi tambarare, mvua haba, upepo mkali. Zamani ilifunikwa na majani. Watu wakayalima kwa trekta wapande ngano. Ukame ulipoingia katika miaka ya 1930, ngano ilikauka, udongo ukabaki mtupu, upepo ukauchukua. Tarehe 14 Aprili 1935 vumbi lilitanda katika nchi ile ya tambarare, mchana ukawa giza. Familia nyingi zilihama.

Mwaka 1985 Serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kupumzisha mashamba yanayoharibika. Mwenye shamba anaweka mkataba wa miaka 10 hadi 15. Anaacha kulima, anapanda majani au miti. Kila mwaka Serikali inamlipa kodi kwa kila ekari, na humsaidia mpaka nusu ya gharama za kupanda. Basi hakai bure. Anashika udongo usiondoke, na kazi hiyo ndiyo inayolipwa.

Lakini fedha hizo zina masharti. Tuyatazame matatu.

Kwanza, muda. Bei ya ngano ikipanda mwaka wa tatu, mkulima hawezi kusema, "Sasa nalima." Akivunja mkataba hurudisha fedha zote alizopokea, pamoja na riba.

Pili, mpangaji. Wako wanaolima mashamba ya kukodi. Shamba likipumzishwa, wao watalima wapi? Sheria inataka malipo yagawanywe kwa haki kati ya mwenye shamba na mpangaji. Lakini mpangaji asiyejua haki hiyo ataidaije?

Tatu, majirani. Mashamba mengi yakilala, muuza mbegu na fundi wa trekta hukosa wateja. Ndiyo maana sheria iliweka kikomo: kwa kawaida mashamba yanayopumzishwa yasizidi robo ya ardhi ya kilimo ya wilaya.

Je, habari hii inatuhusu sisi? Inatuhusu sana. Hapa kwetu, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, viko vijiji vinavyopata fedha kwa kuhifadhi misitu, katika biashara ya hewa ya ukaa. Kesho karatasi kama hiyo inaweza kuletwa kijijini kwako. Fedha za kuhifadhi ardhi ni jambo jema. Ubaya ni kutia sahihi kitu ambacho hatukukisoma.

Kwa hiyo karatasi ikija, isomwe kwa sauti mbele ya mkutano wa kijiji. Tuulize: Ni miaka mingapi? Nani analipwa, na nani anakosa? Tukivunja, tunarudisha nini? Majibu yaandikwe, na nakala ibaki kijijini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu zangu, zamani tuliletewa karatasi tukaweka dole gumba tu. Sasa tunajua kusoma. Tusome kwanza, kalamu baadaye.