Nchi Jirani: Tumbo la Kamba na Ulinzi wa Pwani

Mwaka 2011 mashamba ya kamba yaliyokuwa karibu na mji wa Quelimane, katika jimbo la Zambezia, nchini Msumbiji, yalikumbwa na maafa. Uliingia humo ugonjwa wa madoa meupe, ambao huletwa na virusi. Kamba akishikwa na ugonjwa huo huacha kula, hulegea, huja juu ya maji kandokando ya bwawa, na katika muda wa siku tatu hadi kumi bwawa zima laweza kubaki mizoga mitupu. Mwaka uliofuata, yaani 2012, ugonjwa huo huo ulithibitishwa ng'ambo ya mlango wa bahari, katika ghuba ya Mahajamba, kaskazini-magharibi ya Madagaska.

Kwa majirani zetu hao jambo lile halikuwa dogo. Kamba ni miongoni mwa mazao ya bahari yaliyowaingizia fedha za kigeni kwa miaka mingi, na kamba wa kufugwa wa Madagaska walikwisha kupata nchini Ufaransa, mwaka 2004, alama ya ubora iitwayo Label Rouge. Sifa iliyojengwa kwa miaka mingi ilitikiswa na kitu kisichoonekana kwa macho.

Huenda mpiganaji aliyeko lindoni Mtwara, au askari wa polisi anayefanya doria katika maji ya Mafia, akauliza: kamba wa Quelimane wananihusu nini mimi? Jibu la swali hilo limo ndani ya tumbo la kamba mwenyewe, na hapana budi tuanzie humo.

Wapishi wa mesi wanaufahamu ule mstari mweusi ulio mgongoni mwa kamba, ambao huuondoa kwa ncha ya kisu kabla ya kumtia jikoni. Huo ndio utumbo. Ni mfereji mwembamba, ulionyooka, na chakula hupita humo kwa saa chache tu. Mbele yake lipo tumbo lenye meno ya kusagia, na kando ya tumbo kipo kiungo kimoja kinachofanya kazi ya ini na ya kongosho kwa pamoja. Katika mfereji huo wanaishi bakteria wengi ajabu. Baadhi yao humsaidia kamba kumeng'enya chakula na huwabana maadui wasipate nafasi. Wengine hukaa kimya wakingojea siku ya udhaifu wake. Miongoni mwa hao wanaongojea ni wale wa jamii ya vibrio, ukoo mmoja na bakteria wa kipindupindu, ambao maskani yao ya asili ni maji ya chumvi.

Sasa jambo kubwa ni hili. Kamba hana kingamwili za kukumbuka ugonjwa uliopita, kama alizonazo mwanadamu au ng'ombe, na kwa hiyo hawezi kuchanjwa kwa namna tuliyoizoea. Ulinzi wake ni gamba lake, ni kinga ya kuzaliwa nayo iliyomo katika damu yake, na ni jeshi hilo la bakteria wema waliomo utumboni. Jeshi hilo hulishwa na mkono wa mfugaji. Chakula kikiwa kibovu, ngome ya ndani huanguka kabla ya adui kufika.

Chakula cha kamba ni kazi ya utaalamu. Kamba wakubwa wenye milia, ambao ndio waliofugwa sana Madagaska, huhitaji chakula chenye protini kiasi cha asilimia 35 hadi 45, na kwa desturi sehemu kubwa ya protini hiyo hutoka katika unga wa samaki. Unga huo ni ghali, na mara nyingi nusu ya gharama zote za shamba, au zaidi, huenda katika chakula. Ndiyo maana wafugaji duniani kote wamejaribu kuweka soya badala yake. Soya inafaa kwa kiasi, lakini ikizidi mno, au ikiwa haikutayarishwa vizuri, utumbo hukereketwa na mpangilio wa bakteria hubadilika. Unga ulioota ukungu ni hatari zaidi, kwani sumu ya ukungu hushambulia kile kiungo cha ini. Tena kamba si kama kuku. Halii upesi, bali huishika punje kwa miguu yake na kuitafuna polepole. Mfugaji mwenye pupa akimwaga chakula kingi mara moja, kinachobaki huoza chini ya bwawa, na matope hayo huwa shamba la vibrio. Mfugaji mwangalifu hulisha kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, na huzamisha sinia lenye chakula ili alivute baadaye na kuona kilicholiwa. Kwa maoni yetu, sinia hilo la bei ndogo lina thamani kuliko dawa nyingi zinazotangazwa.

Gharama ya kuupuuza utumbo wa kamba ilionekana wazi huko Asia. Mwaka 2009 yalizuka nchini China maradhi mapya yaliyoua kamba wachanga katika siku 30 hivi za mwanzo tangu watiwe bwawani. Yakaingia Vietnam, yakaingia Malaysia, na mwaka 2012 yakafika Thailand, nchi iliyokuwa mstari wa mbele duniani katika kuuza kamba nje. Uzalishaji wake ukaporomoka vibaya. Wengi walidhani ni virusi vipya au sumu ya viwandani. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Arizona, wakiongozwa na Donald Lightner, walimtambua mhalifu: ni vibrio anayekaa tumboni mwa kamba na kutoa sumu inayoharibu kile kiungo cha ini. Vinasaba vya sumu hiyo, kwa bahati mbaya, vinaweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Wapo wafugaji waliodhani kwamba ufumbuzi ni kuua kila kijidudu. Wakasafisha mabwawa kwa dawa kali, wakachanganya antibiotiki katika chakula. Askari wataelewa upesi kosa lililofanyika hapo. Eneo lililoachwa bila kikosi hukaliwa na yule aliye mwepesi kufika, na vibrio ni mwepesi kuliko bakteria wema. Huzaana upesi mno akipata mabaki ya chakula. Isitoshe, bakteria walionusurika hujifunza kuishi pamoja na dawa, na ujuzi huo haubaki bwawani. Dawa ambayo kesho daktari wa kikosi ataihitaji kwa ajili ya jeraha la mpiganaji yaweza kukuta bakteria wamekwisha kuizoea. Hali kadhalika kuna suala la soko. Mabaki ya kloramfeniko, dawa ambayo kwa baadhi ya watu huharibu utengenezaji wa damu, yalipogunduliwa katika kamba na vyakula vingine kutoka Asia, nchi za Umoja wa Ulaya mwezi Januari 2002 zilisimamisha uagizaji wa mazao ya wanyama kutoka China. Waliotia dawa walikuwa wachache, lakini mlango ulifungwa kwa wote.

Njia iliyo bora ni kuwaongezea nguvu bakteria wema. Huko Ufilipino wafugaji waliwahi kutumia maji ya mabwawa ya perege kufugia kamba wenye milia, wakaona kwamba vibrio hupungua. Perege ambaye kwetu ni kitoweo cha kawaida huko amefanywa mlinzi. Wengine hutia molasi ya miwa bwawani, na bakteria wema hula sukari hiyo pamoja na uchafu wa kamba, wakajikusanya kuwa vibonge ambavyo kamba huvila tena kama chakula. Wengine huchanganya bakteria walioteuliwa katika punje za chakula. Hata hivyo, tuseme wazi, hakuna chakula kinachotibu madoa meupe. Utumbo wenye afya humpa kamba nguvu ya kustahimili mengi, lakini virusi hivyo vikishaingia bwawani, kazi ya mfugaji imekwisha. Hapo ndipo inapoanza kazi ya askari, au tuseme, hapo ndipo ilipopaswa kuwa imekwisha kufanyika.

Maana virusi vya madoa meupe huingia hasa kwa njia ya kinywa: kamba hula mzoga wa mwenzake, au hula kipande cha kamba mwingine aliyeletwa kutoka mbali. Virusi hivyo havimdhuru mwanadamu, lakini havifi kwa kugandishwa katika barafu. Mwezi Desemba 2016 mashamba ya kamba ya mto Logan, katika jimbo la Queensland nchini Australia, yalipatwa na ugonjwa huo, na miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa ni wavuvi waliokuwa wakitumia kamba wabichi kutoka nchi za nje kuwa chambo. Mwezi Januari 2017 serikali ya nchi hiyo ikasimamisha uingizaji wa kamba wabichi. Yaani bahasha ya chambo ilitosha kutiliwa shaka.

Kwetu, delta ya Rufiji ina mikoko mingi kuliko mahali pengine popote katika Afrika Mashariki, na mikoko hiyo ndiyo malezi ya kamba wa asili wanaovuliwa na wananchi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi mkubwa wa kufuga kamba ulipendekezwa katika delta hiyo, ukazua mabishano makali, na haukuendelea. Lakini kisiwani Mafia ufugaji wa kamba umewahi kuanzishwa, na hamu ya kufuga katika mwambao haijaisha. Hatari iliyo karibu zaidi kwa maji hayo ni ndoo ya vifaranga wa kamba iliyofichwa ndani ya jahazi, na katoni ya kamba wabichi waliogandishwa iliyopita pasipo kibali cha Idara ya Uvuvi.

Ndoo au katoni kama hiyo ikikamatwa, isimwagwe horini wala ukingoni mwa bahari, hata kama imeanza kunuka. Wala isigawiwe kwa wavuvi kuwa chambo. Ifungwe, itengwe mbali na maji, na ofisa wa uvuvi wa wilaya aitwe achukue vipimo. Baada ya hapo shehena huchomwa moto, au huzikwa pamoja na chokaa, mahali ambapo maji kujaa hayafiki.