Waya za Pikipiki Kuukuu
Maneno aliyosema fundi mmoja mbele ya wanachama, Kisaju



Nimeombwa niseme juu ya waya za pikipiki za zamani, yaani waya ya klachi, ya mafuta na ya breki ya mbele. Sitasema kwa urefu, maana najua wengine wenu mna abiria wanaongoja pale barabara ya Namanga.

Zamani niliajiriwa na tajiri mmoja mwenye BSA Bantam kuukuu. Pikipiki hizo zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 na zikaachwa mwaka 1971, basi spea zake ni shida kupata hata Kirinyaga Road, Nairobi. Waya ya breki ya mbele ilipokatika, tajiri alinipa kipande cha seng'enge akasema, "Funga hicho, uende kazini." Nilifunga. Kwenye mteremko nikakuta ng'ombe wanavuka. Nikakaza mkono, fundo likateleza, nikaingia mtaroni. Mkono huu wa kushoto haunyooki vizuri mpaka leo, na siku nilizolala nyumbani sikulipwa hata senti moja.

Kosa lilikuwa la tajiri, lakini langu pia lilikuwamo, kwa kuwa sikujua waya hii inafanya kazi namna gani. Watu wengi hudhani kazi yote ni ya waya ya ndani. Sivyo. Waya ya ndani inavuta, na gamba la nje linasukuma. Gamba likipasuka au likilegea, unakaza mkono na breki haipati nguvu. Ndiyo sababu seng'enge haifai: haina gamba lake, na tena ni ngumu, ikipindwa mara nyingi inavunjika. Waya ya kweli ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja.

Mara nyingi inakatika penye kichwa, yaani kile kipande cha shaba kinachokaa ndani ya mkono. Kichwa kikishikwa na vumbi (na hapa kwetu vumbi si haba) hakizunguki tena, na waya inapindwa pale pale kila unapokaza. Uzi mmoja unakatika, kesho wa pili. Ukiona uzi mmoja umesimama kama unywele, usingoje wa tatu. Tia kichwa grisi, na ndani ya gamba tia mafuta mepesi mpaka yatokee upande wa chini.

Kutengeneza mpya si uganga. Tafuta waya yenye unene sawasawa na ile ya zamani. Mahali utakapokata, tia kwanza risasi ya kulehemu ili nyuzi zisifumuke. Pitisha waya ndani ya kichwa, kisha fumua ncha yake kama mwavuli. Hapa ndipo mafundi wavivu wanapokosea: wanalehemu bila kufumua, na waya inachomoka. Safisha, paka dawa ya kulehemu, tumbukiza katika mkebe wa risasi iliyoyeyuka juu ya jiko. Usiunguze waya mpaka ikawa rangi ya samawati, maana imekwisha nguvu. Osha dawa isilete kutu. Ingiza waya katika gamba kabla ya kulehemu kichwa cha pili. Mimi mwenyewe nimesahau jambo hili zaidi ya mara moja.

Ikiwa ni ya breki, kaza kwa nguvu zako zote mara kumi pikipiki ikiwa imesimama, utazame kama kichwa kimesogea. Ikiwa ni ya mafuta, washa injini na ugeuze usukani kushoto na kulia mpaka mwisho. Injini ikipandisha sauti, waya inavutwa, usiondoke.

Njiani mambo ni mengine. Waya ya breki ya baiskeli inaweza kukufikisha nyumbani kwa mafuta, hata kwa klachi ukienda polepole. Kwa breki ya mbele, hapana. Heri usukume.

Sasa habari ya malipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, wala asirudishwe kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Lakini wengi wenu hamkuajiriwa, mnakodi pikipiki kwa siku, na mwenye pikipiki husema waya ni juu yenu. Basi patana naye mbele ya mashahidi kabla hujachukua ufunguo, waya ni ya nani na breki ni ya nani.

Jumamosi nitakuwa hapa na jiko, mkebe wa risasi na tupa. Kila mtu alete waya yake iliyokatika, na vichwa vyake msivitupe, maana vya Bantam havifanani na vya Boxer. Makaa tutachanga.