KALAMU YA WAZIRI NA MABINTI ZETU
(Hotuba iliyosomwa na katibu wa tawi katika mkutano wa wanachama, Lipangalala, Ifakara)



Kina mama wa tawi hili wametuuliza: binti aliyejifungua akirudi darasani, je, ni haki yake au ni hisani ya wakubwa?

Sisi tuliopita chuo cha ualimu twaanza na sheria yenyewe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilitungwa na Bunge, nayo ikampa Waziri uwezo wa kutunga kanuni. Basi kanuni ni mtoto wa sheria. Mwaka 2002 zilitoka kanuni za kufukuza wanafunzi. Zilimtaja aliyefunga ndoa, na aliyetenda kosa dhidi ya maadili. Neno mimba halikuwamo! Lakini mimba ikahesabiwa kuwa kosa hilo, na maelfu ya mabinti wakafungiwa mlango.

Mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba hawatarudi. Mwaka 2019 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao wakapeleka malalamiko kwa Kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto. Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako akatangaza kwamba warudi, na waraka ukatolewa. Mwaka 2022 Kamati nayo ikaamua kwamba kuwafukuza ni kuvunja haki zao, kwamba kupimwa mimba kwa lazima kukome, na kwamba kanuni zirekebishwe.

Twaushukuru waraka ule. Lakini, ndugu zangu, haki iliyo katika waraka ni nyumba ya kupanga: mwenye nyumba akibadili nia, mpangaji hutoka. Wala tusidhani mahakama itatuokoa kwa wepesi. Katiba yetu yataja elimu katika ibara ya 11, lakini ibara ya 7 yasema sehemu hiyo haitekelezwi na mahakama yoyote. Mwenye kudai hana budi kusimama juu ya ibara ya 13, ya usawa. Kwa hiyo twataka Bunge liandike katika sheria yenyewe: binti aliyejifungua atarudi shule.

Na sisi tusijifiche nyuma ya Serikali. Msimu wa kuamia ndege, ni nani anayewaacha mabinti madunguni peke yao, mbali na shule? Tangu 2016 sheria yatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Nasi twayamaliza nyumbani kwa fedha, mwanamume anakwenda zake, binti anabaki na mtoto mgongoni.

Mzazi, mpeleke binti yako kwa mwalimu mkuu. Akikataliwa, omba jibu la maandishi, ulilete hapa tawini. Hatutalala.

Umoja ni nguvu!