Usikionee Haya Kipawa Chako

Wazee wangu, akina mama, nanyi vijana wa Tarasaa,

Yuko kijana hodari wa kuimba ambaye hunyamaza mara asikiapo hatua za baba yake, maana ameambiwa kwamba nyimbo hazijazi ghala. Leo nina neno naye.

Mwaka 1963 Kenya ilipotafuta wimbo wa taifa, kazi hiyo ilipewa kamati ya watu watano. Mahadhi waliyoyachagua hayakutoka ng'ambo. Yalitoka kwa Wapokomo, katika nchi hii hii ya Mto Tana, katika wimbo wa mama wa kubembelezea mtoto. Mahadhi yaliyolaza watoto, leo taifa zima huyasimamia wima kwa heshima.

Basi, kijana, usione haya. Lakini ujasiri si kutupa jembe. Ujasiri ni kujiwekea saa yako kila jioni, kukubali kusahihishwa, na kumaliza ulichokianza hata wenzio wakicheka.

Nanyi wazazi, siwaombi muwaahidi watoto utajiri, bali msiwafunge vinywa. Mtoto akiimba, msikilizeni kwanza mpaka mwisho, ndipo mseme.